Kiko cha kwanza: chungulia tundu kabla hujapenda umbo

#1 Moshi Mwembamba (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kila mara naona mtu anauliza anunue kiko gani, anajibiwa mistari miwili, mmoja anamtania kwamba anautafuta uzee kabla ya siku zake, uzi unazama. Nimeona nifungue huu mmoja, niweke niliyoyapata kwa miezi 14 ya kuunguza ulimi, na walionitangulia wanisahihishe. Ni wa watu wazima walioamua wenyewe. Kama huvuti kitu chochote leo, usianze kwa ajili yangu.

Kiko changu cha kwanza nilikinunua kwa macho. Nilikiona kwenye picha: shingo imepinda kama ya bata, cheusi tii, kinang'aa hadi unajiona. Kilipofika nikakishindilia tumbaku yenye harufu ya vanila mpaka pomoni, nikawasha, nikavuta kama mtu aliyezoea sigara. Haikupita dakika 10. Bori, kile kichwa cha tumbaku, lilikuwa la moto, nikawa nalihamisha mkono huu kwenda ule kama kaa. Ulimi unawaka. Kila nikivuta kuna kitu kinalia ndani, gulu gulu gulu, kisha tone la maji machungu linatua kwenye ulimi ule ule ulioungua. Na ile rangi nyeusi ikaanza kutoa malengelenge. Malengelenge jamani, kama ngozi iliyomwagikiwa maji ya moto. Nikakitupa kabatini, kikakaa wiki tatu.

Nilipokitoa ndipo nikafanya nilichopaswa kufanya siku ya kwanza. Nikachukua waya wa kusafishia, ule uliozungushiwa nyuzi laini kama manyoya, nikaupitisha mdomoni bila kukifungua kiko. Ulifika kwenye kona ukagoma. Nikamulika ndani ya bori kwa tochi ya simu: tundu la moshi halikutokea kwenye sakafu, limetokea ubavuni, juu ya sakafu kwa karibu nusu sentimita. Maana yake tumbaku iliyo chini ya tundu haiungui kamwe. Inakaa pale inanyonya unyevu, inageuka tope, na tope hilo ndilo lililokuwa likilia na kunitemea.

Kwa hiyo neno langu ni hili, mengine ni nyongeza: kiko ni tundu lililozungushiwa mti. Waya upite kutoka mdomoni hadi ndani ya bori bila ugomvi, na ukitokeza, utokeze chini kabisa. Kiko chenye umbo baya na tundu zuri kinavutika. Kinyume chake ni pambo la kabati. Ninalo moja.

Na tuelewane majina. Bori ni kile kichwa kinachotiwa tumbaku. Shina ni kipande cha mti kinachotoka kwenye bori. Shilamu ni ile sehemu unayoiuma. Bori na shilamu ni maneno ya kiko cha maji cha zamani, nami nayaazima kwa sababu yapo na yanatosha.

#2 Mgeni Mlangoni

Mkuu ubarikiwe, uzi umekuja wakati wake. Kila usiku nafungua kurasa za viko hadi macho yanauma. Huyu anasema chukua briari, kile cha mti, yule anasema gunzi la mahindi, mwingine ananiambia jiwe jeupe la Uturuki. Kiko sijawahi kuvuta hata mara moja, sigara nimevuta miaka sita. Nianze na kipi? Na chujio ni lazima?

#3 Njiti Mbili

Kijana, anza na gunzi.

Gunzi la mahindi halina siri. Linakaushwa, linachongwa, linatobolewa, linatiwa shina la mti, basi. Kampuni ya Missouri Meerschaum, iliyoko mji wa Washington katika jimbo la Missouri, Marekani, imekuwa ikiyatengeneza tangu 1869 na haijachoka. Jenerali Douglas MacArthur wa Marekani alipigwa picha nyingi akiwa na kiko cha gunzi chenye bori refu mpaka kikawa kama sehemu ya sare yake. Simtaji ili umwige. Namtaja kwa sababu kuna watu humu watakwambia gunzi ni kiko cha mzaha.

Kwa nini gunzi? Linanyonya unyevu, kwa hiyo linakusamehe. Ukitia tumbaku mbichi, ukivuta kwa pupa, kiko cha mti kitakuadhibu pale pale, gunzi litavumilia. Halihitaji kuzoeshwa. Ni jepesi, linakaa kwenye meno kama halipo. Na ukiliharibu hulii.

Kasoro yake moja uijue mapema usije ukanilaani: kwenye magunzi mengi lile shina la mti limejitokeza kidogo ndani ya bori, kwenye sakafu. Mara mbili tatu za mwanzo ncha ile itaungua, utasikia ladha ya ubao. Inapita. Na usiikwangue sakafu kwa kisu, utatoboa.

Lakini kinachonitia wasiwasi kwako ni hiyo miaka sita ya sigara. Moshi wa kiko haushuki kifuani. Unaingia mdomoni, unaonjwa, unatoka. Mvuta sigara anapohamia kwenye kiko mapafu yake yanaendelea kuudai moshi kwa mazoea, na huo ni mzito kuliko aliouzoea. Ukijikuta unaumeza, weka chini.

#4 Fundi Msasa

Mzee Njiti Mbili namheshimu, ila leo nampinga kwa adabu. Mimi ni mtu wa mbao.

Briari si mti wowote uliopewa jina zuri. Ni fundo la mzizi wa Erica arborea, kichaka kinachoota kandokando ya Bahari ya Kati. Fundo lile linavimba kati ya shina na mizizi, linahifadhi maji kwa ajili ya kiangazi na moto wa nyikani, kwa hiyo limezoea joto na unyevu kabla hata hujalipa kazi. Likichimbwa linahifadhiwa likiwa limeloana lisipasuke, linakatwa vipande, vinachemshwa saa nyingi kutoa tanini na utomvu, kisha vinakaushwa polepole, miezi au hata miaka. Ukiruka hatua hiyo unapata kiko kinachotoa ladha chungu ya mzizi. Mji wa Saint-Claude, Ufaransa, ulijengewa jina na kazi hii tangu karne ya 19.

Sasa kwa mnunuzi wa mara ya kwanza. Usilipie mistari ya mti. Ile mistari iliyonyooka kama manyoya ya tausi ni ya macho, ulimi hauijui. Ogopa rangi nzito na vanishi inayong'aa kama kioo, kwa sababu mbili: huziba mti usipumue, na huficha viraka. Briari ina vijishimo vya asili, na mafundi wa viko vya bei ya chini huviziba kwa mchanganyiko wa gundi na vumbi la mti, wakapaka rangi juu. Kiraka kidogo hakina neno. Viraka saba chini ya rangi nyeusi ni kile kiko cha mwanzisha uzi. Malengelenge yale, ndugu yangu, si mti. Ni rangi iliyopikwa.

Ukiona kiko chenye mikwaruzo na mabonde kama gome, kilichopulizwa mchanga, usikidharau. Mara nyingi ni mti ule ule mzuri ulioonekana na vijishimo usoni, fundi akaamua kuuchimba badala ya kuuziba. Unalipa pungufu, unavuta sawa.

Vipimo: bori lenye upana wa ndani milimita 18 hadi 20 na kina cha kama 40 linapokea karibu kila tumbaku. Ukuta uwe mnene. Ukuta mwembamba unaunguza vidole, na siku ukivuta kwa hasira unaunguza mti wenyewe.

#5 Binti Ukoko

Jamani na sisi tupo, msituandikie kama uzi wote ni wa wajomba.

Hakuna aliyegusa uzito. Mimi huuma kiko nikiwa nasoma, mikono yote miwili iko kwenye kitabu. Cha kwanza nilichukua kizuri kweli, bori kama ngumi, gramu 70 na ushee. Siku ya pili taya linaniuma kama nimetafuna kamba. Sasa nina kimoja cha gramu 34 kilichopinda kidogo, nakisahau mdomoni. Kama ni mtu wa kushika mkononi, chukua chochote. Kama ni mtu wa kuuma, pima kwanza.

Kilichopinda kinaning'inia, hakivuti meno. Kilichonyooka kinasafishika kirahisi na waya haupati kona. Chagua shida yako.

Na shilamu: ile ya ebonaiti, yaani mpira mgumu, ni laini kwenye meno lakini ukiiacha juani inageuka rangi ya matope ya kijani na kunuka kiberiti. Ya akriliki, aina ya plastiki, haibadiliki rangi, ila ni ngumu, na mwenye kuuma kwa nguvu ataisikia. Mimi ni wa ebonaiti, naisugua kila mwezi na sinung'uniki. Sana.

#6 Moshi Mwembamba

Dada Binti Ukoko umeniwahi, uzito nilikuwa nauweka sehemu ya pili.

Mgeni, kuhusu chujio: si lazima. Kuna viko vilivyotobolewa nafasi ya chujio la milimita 9, mara nyingi la mkaa, Wajerumani wanavipenda sana. Kuna vya milimita 6, kampuni ya Savinelli ya Italia hutia kijiti cha mbao ya balsa kinachonyonya maji. Chujio linapoza na kukausha moshi, na linakula ladha pia. Tatizo ni kununua kiko cha milimita 9 kisha ukavuta bila chujio: kunabaki pango tupu ndani ya shina, moshi unafika pale unapoa, unageuka maji. Kwa hiyo amua kabla. Na lisikudanganye kwamba linaondoa madhara, haliondoi.

Watengenezaji wa viko Peterson wa Dublin, Ireland, wana njia yao nyingine, ile waliyoipatia hati miliki 1890: kijishimo ndani ya shina kinachokusanya maji yasifike mdomoni. Nimewahi kuazima kimoja. Kinafanya kazi, ila ukisahau kukikausha kinanuka kama kisima kilichoachwa.

Jiwe jeupe la Uturuki, mershamu, achana nalo kwa sasa. Linachimbwa Eskişehir, ni jepesi, linavuta baridi na safi, linabadilika taratibu kutoka weupe hadi rangi ya asali. Nalitamani. Lakini likianguka limekwenda, na mwanafunzi huangusha.

#7 Mgeni Mlangoni

Nimewaelewa. Nachukua gunzi, na mzee Fundi asinichukie, briari itafuata. Sasa nikishakipata? Video zinasema kila mtu lake. Na kwa nini jina lako ni Njiti Mbili mzee?

#8 Njiti Mbili

Jina linajibu swali lako la kwanza, kwa hiyo keti.

Kuna mashindano ya kuvuta kiko polepole. Kila mshiriki anapewa kiko cha aina moja, gramu 3 za tumbaku, njiti mbili za kiberiti na kishindilio. Dakika 5 za kujaza, dakika 1 ya kuwasha. Baada ya hapo njiti ni marufuku, na wa mwisho kuzimikiwa ndiye mshindi. Watu wanapitisha saa nzima na zaidi kwa gramu 3. Mimi niliingia mara moja, nikazimikiwa dakika ya 19. Mzee aliyekaa kando yangu hakuonekana hata kama anavuta. Moshi wake ulikuwa uzi. Nilijifunza kwake kuliko kwa miaka minane iliyotangulia.

Kwanza unyevu. Tumbaku ikitoka kwenye kopo mara nyingi ni mbichi kuliko inavyotakiwa. Ibane kwa vidole viwili: ikigandamana na kubaki donge, itandaze kwenye karatasi nusu saa, bana tena. Inatakiwa ibonyee kisha ijiachie. Ikivunjikavunjika umepitiliza. Nusu ya wanaosema kiko kinaunguza ulimi wanavuta mvuke, si moshi, na mvuke ndio unaobabua.

Kujaza wanasema mikono mitatu: fungu la kwanza ulibonyeze kwa mkono wa mtoto, la pili wa mama, la tatu wa baba. Chini legelege, juu imara. Kisha kabla ya moto, vuta hewa tupu. Ukisikia kama unanyonya maji kwa mrija, sawa. Ukisikia kama unanyonya uji mzito, mwaga, anza upya. Usiwashe ukitumaini itajirekebisha. Haijirekebishi.

Moto wa kwanza ni wa uongo. Zungusha njiti juu ya uso wote huku ukivuta kidogo kidogo, tumbaku itainuka kama nywele zilizoshtuka. Acha izime. Ilaze kwa kishindilio, kwa uzito wake tu, usikandamize. Washa tena: huo ndio moto wenyewe.

Halafu kazi halisi, ambayo hakuna kiko cha bei yoyote kitakachokufanyia: pumzi. Vuta kama mtu anayeonja kitu cha moto kwa ncha ya mdomo. Weka bori kwenye shavu. Likichoma, umekimbia mno, liweke mezani lipoe, hata likizima. Kuzima si aibu. Wageni huogopa kuzima, wanavuta mfululizo kama mvukuto wa mhunzi, kesho yake ulimi hausikii ladha ya kitu.

Ukimaliza usichomoe shilamu kiko kikiwa moto. Mti umetanuka, shina litapasuka. Pitisha waya bila kufungua, kung'uta majivu, kiache. Briari ipumzike siku nzima kabla ya kuvutwa tena.

#9 Fundi Msasa

Hapo mzee sina la kupinga. Naongeza kuhusu ukoko. Kwenye briari masizi yanajenga ganda ndani ya bori, na ganda hilo linaukinga mti. Liache lifike unene wa milimita moja au moja na nusu, likizidi likwangue. Likiwa nene mno linatanuka kwa joto tofauti na mti, na mti ndio unaopasuka. Nimeletewa kiko ambacho ukoko umebakiza shimo la kuingia penseli tu. Mwenyewe anasema siku hizi tumbaku inaisha haraka.

Kwenye mershamu na udongo ni kinyume, ukoko hautakiwi.

#10 Mgeni Mlangoni

Na tumbaku ya kuanzia?

#11 Binti Ukoko

Wote watakwambia ile yenye harufu tamu, kwa sababu kopo linanukia na waliokaa karibu nawe watafurahi. Mimi nasema hapana. Hizo nyingi zimetiwa viongeza vya kushikilia unyevu, hazikauki hata uziache mezani siku mbili, zinavuta maji maji na kuunguza ulimi wa mgeni. Harufu wanaipata wengine, wewe unapata mvuke.

Tumbaku ya Virginia ni tamu kiasili, ina sukari nyingi, lakini inataka utulivu, ukiikimbiza inauma. Burley haina sukari nyingi, ina ladha ya kawaida ya tumbaku, inavumilia pupa, ila nikotini yake si ya mchezo. Ningeanza na Burley ya kiasi iliyokatwa nyuzinyuzi, si vipande bapa. Latakia imefukizwa moshi wa kuni, inanuka kama nguo zilizolala karibu na moto. Kuna wanaoiabudu, kuna wanaokimbia chumba. Uivutie kwenye kiko chake peke yake, ile harufu haitoki.

Na usivute ukiwa na njaa. Nikotini ya kiko inapenya kupitia ngozi ya ndani ya mdomo, hata kama hujameza moshi. Mimi mara ya tatu niliona chumba kinazunguka, jasho jembamba, kwikwi haziishi. Nililala sakafuni kwa sababu kitanda kilikuwa mbali. Kilikuwa hatua nne.

#12 Niliyeacha

Nimesoma kimya kimya, sasa naomba nafasi. Sikuja kuharibu uzi.

Nilivuta kiko miaka 11. Sikumeza moshi hata siku moja, na hiyo ndiyo ilikuwa hoja yangu kwa kila aliyeniuliza. Siku moja daktari wa meno akaniambia nifungue mdomo nitazame juu kwa kioo chake. Kaakaa langu lilikuwa jeupe kama limepakwa chokaa, na juu ya weupe ule kumetapakaa vitone vyekundu, kama mtu amechoma kwa sindano. Akanieleza kwamba hiyo ni alama anayoiona hasa kwa wavuta kiko: joto la moshi linapiga pale pale kila siku, ngozi inakuwa ngumu, na vile vitone ni midomo ya tezi za mate zilizovimba. Akasema hii ya kaakaa kwa kawaida hurudi ukiacha. Kisha akatazama chini ya ulimi na ndani ya mashavu kwa muda mrefu bila kusema neno. Dakika ile ndiyo iliyonitoa, si kaakaa.

Sikukutwa na kitu. Lakini mjue mnachokiuma. Kiko kinaongeza hatari ya saratani ya mdomo, midomo, koo, zoloto na umio, na ya mapafu pia, hata kama ni chini ya sigara kwa asiyemeza moshi. Uvutaji wa tumbaku, wa aina yoyote, umo kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani vya shirika la utafiti wa saratani la WHO, yaani kundi la visivyo na shaka. Na Mgeni, wewe uliyetoka kwenye sigara, mzee kakwambia ukweli: wengi wa aina yako wanameza.

#13 Moshi Mwembamba

Ndugu, hujaharibu chochote. Ningefuta uzi kuliko kufuta maneno yako.

Sina la kujitetea. Mimi navuta mara mbili kwa wiki, nje, peke yangu, na sijidanganyi kwamba mara mbili ni sifuri. Daktari wa meno anajua. Kama kuna mtu alikuja hapa akidhani kiko ni njia ya kuacha sigara, siyo, amuone mtu wa afya, kuna njia zinazosaidia kweli. Na wenye watoto: tumbaku ya kiko inanukia kama peremende, na mtoto akiila ni sumu. Kopo lifungiwe juu.

#14 Bori la Babu

Naomba kudandia. Nimerithi kiko cha babu, briari, kimekaa miaka kwenye sanduku. Kinanuka vibaya, shilamu imekuwa kijani. Nianze na hicho badala ya kununua?

#15 Fundi Msasa

Bahati yako. Viko vya zamani vilivyotunzwa mara nyingi vina mti mkavu mzuri kuliko vipya vya bei ileile.

Kwanza mulika: je, kuna ufa ndani ya bori, au sehemu mti umeungua ukawa laini kama mkaa? Bonyeza kwa ncha ya kijiti. Ikizama, kiweke kama kumbukumbu, usikivute. Kikiwa kizima, kwangua ukoko wa zamani wote, kisha jaza bori chumvi ya chembe kubwa isiyo na madini ya joto, ziba tundu la shina kwa pamba, dondoshea spiriti ya kunyweka yenye nguvu, matone kwa matone hadi chumvi ilowe tu. Kiache usiku kucha. Asubuhi chumvi itakuwa ya kahawia, hizo ni nikotini na lami za babu. Mwaga, futa, kiache wiki kikauke. Usitumie spiriti ya kuwashia majiko, ile imetiwa sumu. Njia hii ni ya briari pekee, usiifanye kwenye gunzi wala mershamu.

Shilamu isugue kwa msasa laini wa maji, anza na wa 400, nenda 1000, malizia 2000, kisha ipake mafuta. Ile rangi ya kijani itatoka na kuchafua sinki zima, andaa maelezo kwa wenye nyumba.

#16 Mgeni Mlangoni

Wakuu narudi na taarifa. Gunzi limefika juzi. Waya ulipita kama hakuna kitu, nikamulika, tundu liko chini kabisa. Tumbaku nikaitandaza nusu saa kama mzee alivyosema.

Njiti nilizotumia: 11. Nilimeza moshi mara mbili bila kutaka, nikakohoa hadi machozi. Niliyekuwa nimekaa naye akauliza kama niko sawa, nikamwambia najifunza, akacheka akaenda zake. Kisha katikati, sijui ilikuwaje, nilisahau kuvuta, nikawa natazama nje tu. Nikashtuka kiko bado kinawaka, moshi mwembamba, na kwa mara ya kwanza nikasikia ladha. Labda dakika mbili. Halafu nikafurahi nikaanza kuvuta kwa nguvu, kikachemka.

Ulimi hauumi. Ubao ulioungua nimeusikia.

#17 Njiti Mbili

Dakika mbili kwa siku ya kwanza? Mimi zilinichukua mwaka. Keshokutwa tumia njiti 10.